Granada Nisikofika

Mwanangu Nyangeta,

Barua zote tulizofundishwa shuleni zinaanza kwa kusema mwandishi hajambo na hofu iko kwa anayeandikiwa. Hii naigeuza. Wewe hujambo, nakusikia huko nje unamkemea mbuzi. Hofu iko kwangu. Imenikaa tangu jana mama yako alipofika kutoka Butiama, na mkono huu unaoandika si ule uliomvuta mamba kwa mkia pale Kisorya. Na yule mamba naye, kwa kuwa leo ni siku ya kusema, alikuwa kenge.

Kesho basi la kutoka Musoma litasimama hapa Bunda watu wanywe chai, nawe utapanda kwenda Mwanza kushika treni ya Dar es Salaam. Habari za blanketi na za kuchemsha maji sitaziandika, mama yako amezisema mpaka kuku wanazijua. Mimi nina jambo moja tu.

Nyumba nzima inafikiri naandika ule ushuhuda. Ndiyo maana nimepewa meza, nimepewa kivuli, na watoto wamefukuzwa. Mwalimu wako wa historia kule Musoma aliipeleka insha yako chuo kikuu, ile ya Wamori wa Afrika waliotawala Hispania, na mtaalamu wa huko akajibu kwamba ukija uje na maelezo ya baba yako mdogo aliyeyaona majumba yao kwa macho yake, yaandikwe kwa mkono wake mwenyewe, nawe uyasome mbele ya wanafunzi wote. Siku barua ile ilipofika niliisoma kijiji kizima cha Manyamanyama, nyumba kwa nyumba. Nilimsomea hata yule bibi asiyesikia.

Nyangeta, sijafika Hispania.

Nimeiandika. Nimeinuka nikaenda kunywa maji, nimerudi, bado imeandikwa.

Mama yako ndiye aliyenibana. Jana, wewe ulipokwenda kisimani, alikaa kwenye kile kigoda akaanza kuchagua maharage bila kuniangalia.

"Shemeji, unamwandikia mtoto nini?"

"Ushuhuda wa Hispania."

"Hispania ipi?"

"Shemeji, Hispania ni moja tu duniani."

"Na wewe uliiona lini? Marehemu kaka yako aliniambia ulikoishia. Ulikuwa unapika haya haya," akainua kiganja cha maharage.

"Jiko la jeshi ni jeshi vilevile," nikasema.

"Sawa. Mtoto anakwenda kusimama mbele ya watu waliosoma. Mwambie wewe kabla gari halijaondoka. Usipomwambia nitapanda naye mpaka Mwanza, nitamwambia mimi njiani, na nitamwambia vibaya."

Unamjua mama yako. Akisema atapanda, atapanda.

Basi sikiliza nilikoishia. Vita ile ya pili ya dunia, mimi na baba yako tuliandikishwa pamoja Musoma, tukapanda meli ya ziwani mpaka Kisumu, tukapelekwa kambini Kenya. Hapo ni kweli tupu. Wiki ya tatu nikavimba mashavu, matumbwitumbwi, nikalazwa. Nilipopona wenzangu walikuwa wameondoka kwenda Mombasa na kuvuka bahari, baba yako akiwa mmoja wao. Mimi nikaachwa jikoni. Miaka miwili nimesugua sufuria ambazo mtu mzima anaweza kulala ndani yake. (Hiyo pia ni kweli, nililala mara moja.) Nikarudi na koti na kofia kama askari wengine, na hakuna aliyeuliza.

Baba yako alivuka. Alifika Burma. Aliporudi alikuwa hasemi. Watu walikuwa wanakaaga pale nje wakimwomba asimulie, anatazama chini, anachora chora kwa kijiti. Mimi nikaona kile kimya kinaumiza watu, nikaanza kusema badala yake. Mwanzoni nilikuwa nasema "wao." Sijui ni siku gani nilianza kusema "sisi." Alikuwa ananisikiliza akiwa pembeni, na siku moja aliniambia, "Endelea tu, Magesa, mimi nikisema nitalia." Kwa hiyo ujue kwamba uongo wangu baba yako aliusikia wote na hakunifunga mdomo. Kisha akafariki ukiwa bado unatambaa, na wewe ulipoanza kusema swali lako la kwanza kwangu lilikuwa, "Baba alikwenda wapi?" Burma siijui. Hakunieleza hata mti mmoja wa huko. Nikakupa nchi niliyokuwa nayo, Hispania, na zamu ya kulinda lango la Granada.

Nchi hiyo niliipata kwa Maalim Abdala.

Utamkumbuka, fundi cherehani wa pale Bunda mjini, baraza lililotazamana na ghala la pamba. Babu yake alikuja na misafara kutoka Tabora, bibi yake Mjita wa ziwani, yeye mwenyewe kitovu chake kimezikwa Musoma. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiarabu, jalada limeliwa na mchwa, na mtu akingojea suruali yake alikuwa anasoma kidogo, anatafsiri, anaendelea kukanyaga cherehani. Mimi nilikuwa napeleka suruali zangu zikiwa nzima. Nilikuwa nafumua mshono njiani ili nipate sababu ya kukaa.

Umeingia sasa hivi na chai. Umesema, "Baba mdogo, umefika wapi?"

Nimesema, "Nimefika langoni pa Granada."

"Usisahau jina la yule askari mwenzako wa zamu. Mwalimu amesema majina ni muhimu sana."

"Fransisko," nimesema.

Sikufikiri hata kidogo, Nyangeta. Limetoka lenyewe, kama mate. Umefurahi, umeondoka unalirudia midomoni. Nimekudanganya tena na wino wa kuungama haujakauka. Hapo ndipo nimeogopa kweli. Zamani nilidhani ninadanganya kwa kutaka. Leo nimeona hata nisipotaka.

Kwa hiyo nifanye haraka. Nitachambua kama tunavyochambua pamba kabla ya kwenda mnadani, safi huku na fifi, ile chafu, huku, na wewe unajua mimi nilivyo mtu wa kuficha fifi chini ya gunia. Leo namwaga gunia zima.

Kweli ni kwamba walivuka kutoka Afrika mwaka mia saba na kumi na moja, kupita ule mlango mwembamba wa bahari, wengi wao Waberiberi wa Afrika Kaskazini, na mlima waliofikia unaitwa kwa jina la jemadari wao mpaka leo. Ile habari kwamba alichoma majahazi yake ili askari wasirudi nyuma, Maalim alisema ameisikia lakini imeandikwa baadaye sana na yeye haiamini. Mimi nilikuambia nimeyashika makaa yake. Futa.

Mfalme wao mmoja hakuwa Mjita kama sisi. Futa hiyo kabisa, tena nakuomba usiwahi kuisema hata kwa utani. Walikuwemo Waarabu, Waberiberi, watu weusi kutoka kusini ya jangwa, na walio wengi zaidi walikuwa wenyeji wa Hispania hiyo hiyo waliosilimu, mama zao na bibi zao wa hapo hapo. Nilitaka tu ujione ndani.

Tembo hawakuwepo. Palikuwa na chemchemi iliyobebwa na simba kumi na wawili wa mawe, huko Granada. Mifereji ya maji ni kweli, michungwa na miwa ni kweli, Kordoba na maktaba yake kubwa ni kweli. Kwamba Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikaa kama watoto wa tumbo moja, hiyo nilipaka mafuta. Maalim alisema walikaa kama watu wanavyokaa. Asiye Mwislamu alitoa kodi yake ya peke yake, siku nyingine walikopeshana chumvi, siku nyingine walipigana mawe, na kukaa huko kulidumu karne nyingi. Kisha watawala wenyewe wakagawanyika vijiserikali vidogo vidogo, kila mmoja akikodi askari wa adui ampige ndugu yake.

Yupo yule kijana wa kifalme aliyekimbia kutoka Damaski wazee wake walipouawa. Hiyo niliigeuza ikawa hadithi ya kuchekesha, na haikuwa hivyo. Yeye na mdogo wake walijitupa katika mto Frati wakaanza kuogelea. Waliokuwa wakiwafukuza wakasimama ukingoni wakaita, rudini, hatutawafanya kitu. Mdogo akachoka, akaamini, akarudi. Wakamkata kichwa, kaka mtu akitazama kutoka majini. Huyo aliyebaki ndiye aliyefika Hispania baada ya miaka ya kujificha, akawa mtawala wa Kordoba. Maalim alipofika hapo aliachaga kukanyaga cherehani. Mimi nikiwasimulia ninyi watoto niliweka mamba kwenye mto huo, na mimi mwenyewe nampiga mamba kasia. Mlikuwa mnacheka mpaka mnalala chini. Nilimfanya mtoto yule aliyekufa awe kichekesho kwa sababu sikuweza kuivumilia ile sauti ya ukingoni. Leo ndiyo siiwezi kabisa kuliko hata wakati ule, maana kesho wewe ndiye unayekwenda, na sijui ni sauti zipi zitakazokuita huko na ipi itakuwa ya kweli, na wewe nimekufundisha kuamini ya kwangu.

Sasa nafika penye fifi yenyewe.

Ulikuwa darasa la saba, mwaka ule wa mikutano mingi baada ya Azimio. Jioni jua likiwa bado juu, tulikuwa tunakutana ghalani kwa kisomo cha watu wazima, na mwalimu akichelewa mimi ndiye nilikuwa nafundisha, kwa kuwa nilifika darasa la nne na kama si ng'ombe wa baba ningekuwa mbali. Siku hiyo nilikuwa nimefika kwa tembo wa Granada. Ghala limejaa. Wewe umekaa mbele na chaki yako, na Zuhura binti wa Maalim kando yako, mmelaliana mabega. Maalim akaingia na kaptula za mgambo begani, akasimama kusikiliza. Akacheka. Hakucheka vibaya.

"Bwana Magesa," akasema, "hao tembo umewatoa wapi? Mimi nilikusomea simba wa mawe."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Kumbe ulisomewa! Si ulikuwa zamu langoni?"

Nikakutazama wewe. Ulikuwa hucheki. Ulikuwa unanitazama ukingoja nijibu, mdomo wazi, kama mtu anayetazama kikombe kinachoanguka.

Nikasema, "Huyu atanirekebisha mimi? Mtu wa kuja huyu. Mgeni. Kupe amekaa hapa kutunyonya, leo anataka kutufundisha na historia!"

Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Kweli bwana." Halafu nyingine. Maneno hayo yalikuwa hewani siku zile, yalingoja tu mtu wa kuyapa jina la mtu, na mimi nikayapa. Maalim akaziweka zile kaptula juu ya gunia, akazinyoosha kwa kiganja zisikunjike, akamshika mkono Zuhura wakatoka. Wewe ukanirukia shingoni: "Baba mdogo umemweza!"

Hakuna aliyetoa amri. Hakuna mkubwa aliyekuja. Watu waliacha tu kupeleka nguo. Wanawake wakaanza kuteka maji baada ya mke wake kuondoka kisimani. Jiwe likatua juu ya bati lake mara moja, mara mbili. Mimi nilipita barabara ya nyuma. Nilikuwa naweza kusimama ghalani siku yoyote nikasema, jamani, yule mtu ni wa hapa, ndiye aliyenisomea, mimi nilikuwa mpishi. Maneno kumi na moja. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Mwezi wa pili baada ya siku ile wakafunga mzigo, wakaenda Kisorya, wakavuka kwenda Ukerewe, cherehani imefungwa kwenye mkeka. Ulilia siku tatu ukiuliza Zuhura yuko wapi. Nikakuambia wamekwenda harusini watarudi. Ukawa unamwekea nafasi darasani.

Kuna sehemu ya kitabu kile sikukuambia kamwe, na ndiyo ya mwisho. Granada ilipoanguka, mwaka elfu moja mia nne tisini na mbili, waliandikiana mkataba kwamba Waislamu watabaki na dini yao na nyumba zao. Haikupita miaka kumi. Vitabu vyao vikachomwa uwanjani, wakalazimishwa kubatizwa, na baada ya hapo wakawa wanaangaliwa. Nani haweki mafuta ya nguruwe kwenye chungu. Nani ameoga Ijumaa. Aliyekuwa anaangalia ni jirani, Nyangeta, kwa kuwa wa mbali hawezi kujua umepika nini. Miaka mia na kidogo baadaye wakafukuzwa wote, watu waliozaliwa hapo na wazee wao wamezikwa hapo. Wengine hawakujua lugha nyingine, na kuna wadogo waliozuiliwa wakabaki huku mama zao wakisukumwa melini. Maalim alinisomea hayo miaka miwili kabla ya siku ya ghala. Alisema, "Magesa, hebu fikiria, unaitwa mgeni na mtu mliyechezea naye vumbi moja." Nikamwambia inasikitisha sana. Nilikuwa nakula karanga.

Nilikuwa nimesikia yote. Si kwamba sikujua. Niliisikia historia yote ya nchi ile, mwanzo mpaka mwisho, na siku ilipokuja kunipima nilishika upande wa jirani anayenusa chungu, kwa sababu ya tembo, na kwa sababu ya kuogopa uso wako usibadilike. Sina fundisho la kukupa hapo. Nakueleza tu jinsi ilivyokuwa haraka. Pumzi moja ilitosha.

Wiki iliyopita nilisema nakwenda Kisorya kununua dagaa. Nilikwenda kumtafuta. Nilitaka aniandikie yeye ule ushuhuda, au anitukane, chochote. Nilisimama pale pa kuvukia, mashua ikaondoka, nikasema nitapanda ya pili. Ya pili ikaondoka. Mwenye mashua akaniuliza, "Mzee, unasafiri au unahesabu mawimbi?" Nikanunua dagaa. Mliwasifu sana kwa ubichi.

Sasa mambo ya huko uendako. Usisome ushuhuda wowote. Simama useme habari hizi ulizipata kutoka kwa Maalim Abdala, fundi cherehani wa Bunda, anayeishi Ukerewe, aliyezisoma kitabuni, na kwamba baba yako mdogo alizisikia barazani pake akazichafua. Sijui watafanya nini. Wanaweza kucheka. Wanaweza kusema insha yako ni batili, rudi kwenu, na hilo ndilo linaloniogofya tangu jana, kwamba nafasi hii yote uliyoisomea kwa taa ya mafuta inaweza kuanguka kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini ukisoma ya kwangu, yuko mtu mle ndani ameisoma Granada miaka ishirini, atauliza swali moja dogo, geti lilitazama wapi, na wewe utasimama peke yako mbele yao ukinitetea. Nakujua. Utanitetea. Hilo siwezi kulifikiria mpaka mwisho.

Mimi ningekuwa na akili ningekuambia haya ukiwa mdogo, wakati mtoto anasahau. Nimengoja mpaka umekuwa mtu wa kukumbuka. Baba yako alikuachia kimya chake, mimi nimekujaza kelele, na katikati hapo umekua ukawa mtu anayeweza kuchambua mwenyewe. Sijui umeupata wapi uwezo huo. Kwangu hapana.

Umechungulia tena dirishani. "Baba mdogo, bado? Mbona unatoka jasho?" Nimekujibu kuna joto. Joto lipo kweli. Hata hivyo.

Barua hii sitaitia sandukuni, maana ungeisomea mbali nami ningepata miezi ya kujidanganya kwamba imepotea. Kesho ukishakaa kwenye kiti, wenzako wakishuka kunywa chai, nitakupa mkononi kupitia dirishani. Mama yako nimemwambia asipande, naye amesema ataamua akiniona nimekupa. Wewe ni msomaji wa haraka, utaimaliza kabla dereva hajapiga honi. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo chini ya dirisha, na sitasema kitu, nimemaliza kusema.

Ukifika hapa niangalie. Niite mwongo. Niite Magesa, kama wanavyoniita watu tusiofahamiana. Jina lolote utakaloona linanifaa nitaliitikia, na nikienda nalo Kisorya safari hii, nitapanda ile mashua ya kwanza. Ila usiondoke ukiwa kimya, mwanangu. Kimya nimeshakaa nacho nyumba moja, nakijua. Kabla gari halijatembea, niite.

Magesa